Taraza ya kikoi cha babu

*Kikundi: Ukoo wa Kibokoni*

Rukia: Asalaam aleikum jamani. Nasra kapewa kazi ya nyumbani, atafute vitu vitatu vyenye mistari, aandike yaitwaje na maana yake. Nisaidieni, yatakiwa kesho asubuhi.

Swaleh: Waaleikum salaam. Aanze na bendera yetu ya Kenya. Nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika kutafuta uhuru, kijani ni ardhi yetu. Na ile miwili myembamba myeupe asiisahau, ndiyo amani. Ilipandishwa 12 Desemba 1963.

Rukia: Shukran. Cha pili tumeweka punda milia.

Ami Athmani: Punda milia yupi? Wa kawaida milia yake mipana, yazunguka mpaka tumboni. Wa Grevy, yule wa kule Samburu na Marsabit, milia yake myembamba imesongamana, na tumbo ni jeupe tupu. Jina hilo ni la rais wa Ufaransa wa karne ya 19.

Swaleh: Na maana ya milia, ami? Sisi tulifundishwa ni ya kumpotezea simba.

Ami Athmani: Hata mimi. Lakini kuna watafiti waliwavisha farasi majoho ya milia huko Uingereza, matokeo yakatoka 2019. Pange, wale nzi wanaouma, walikuja vizuri tu, wakifika penye milia wanashindwa kutua. Kichwani, pasipofunikwa, walitua kama kawaida! Hiyo imenikaa akilini.

Rukia: MashaAllah, naiandika. Cha tatu nguo. Nitapiga picha kikoi cha babake, kile cha mistari.

Bibi Zena: Mistari ni ya daftari, Rukia. Kikoi kina taraza.

Rukia: Taraza ndiyo nini bibi?

Bibi Zena: Ule ukingo wa rangi uliofumwa pembeni. Babu yenu akienda kununua kikoi hakuangalia katikati, alishika pembe akaikunja, akatazama taraza kwenye mwangaza wa mlango. Na debwani ni nguo nyingine, hiyo ni nyekundu, imepitishwa vimilia vyembamba vya hariri, wanaume wakipiga vilemba. Mkiita vyote mistari, mtoto atajuaje nani kavaa nini?

Mama Mdogo Saumu: Kweli bibi. Hata vazi la wafungwa, lile jeusi na jeupe, lina jina lake, kunguru.

Rukia: Na maana ya taraza, bibi? Mwalimu ataka maana.

Bibi Zena: Taraza haisemi neno, leso ndiyo yenye jina. Taraza ni pambo, ni mkono wa aliyeifuma. Aandike hivyo hivyo. Ngoja nifungue sanduku.

Bibi Zena: 📷 Picha

Bibi Zena: Hicho ndicho cha babu yenu. Rangi ya chungwa imefifia lakini nyeusi iko vile vile. Hapo kwenye pembe uzi umefumuka, alinasa kwenye msumari wa mlango. Matamvua niliyasokota mimi kwa mkono, moja moja, kabla ya Idi.

Swaleh: Subhanallah. Sijapata kukiona hicho.

Rukia: Bibi, Nasra ameacha kuandika, yuachora. Auliza nyeusi yapita mara ngapi, kwenye simu haionekani vizuri.

Bibi Zena: Mara tatu. Mbili nyembamba, ya katikati nene. Na matamvua ayachore.