Mpira wa mia, mtu wa elfu tatu

Kikundi: UKOO WETU TANGA 🌴
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mjomba Seif (LA): ELFU TATUUUU 🙌🙌🙌

Mjomba Seif (LA): Jamani amefika! Kershaw amefika! Nimepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta

Mama Mkubwa: Innalillahi. Nani kafika? Nimeona herufi kubwa nikajua msiba

Mjomba Seif (LA): Shikamoo dada. Si msiba, ni furaha. Clayton Kershaw, mrushaji wa timu yetu ya besiboli, Dodgers, usiku huu kamtoa mpigaji kwa mara ya 3,000. Ndiyo kwanza mechi imekwisha huku

Mama Mkubwa: Marahaba. Kawatoa wapi watu wote hao?

Jumaa: 😂😂😂

Jumaa: Mjomba hata mimi sijaelewa. Ni magoli au nini?

Mjomba Seif (LA): Besiboli haina goli. Mrushaji anasimama kwenye kilima kidogo cha udongo. Mpigaji yuko kama mita 18 mbele yake, kashika gongo. Mpira ukirushwa akapiga hewa, hiyo straiki. Akiuachia ukapita juu ya kibao kilicho chini pale aliposimama, kati ya magoti na kifua, nayo straiki. Zikifika tatu, nenda kakae benchi. Sasa huyu bwana kawakalisha watu benchi mara 3,000

Mama Mkubwa: Kama ile kriketi ya Wahindi

Mjomba Seif (LA): Hapo hapo dada, karibu

Mwanaidi (Maryland): Hongera mjomba. Ila tuseme na mengine: iningi sita (zamu sita kati ya tisa za mechi), hiti tisa (wamempiga mpira wakafika besi, yaani kituo, salama), pointi nne kafungwa 😏

Mjomba Seif (LA): Nilijua tu huyu atatokea

Mwanaidi (Maryland): Mimi nasoma takwimu tu

Zuhura: Da Mwanaidi muache afurahi jamani. Mjomba ilikuwaje?

Mjomba Seif (LA): Ahsante Zuhura, wewe una adabu. Aliingia akiwa na 2,997, kwa hiyo tatu tu zilibaki. Wale White Sox wa Chicago msimu huu ni wanyonge, nikasema iningi ya pili tunamaliza. Wapi! Vijana wanagusa kila mpira. Hadi iningi ya tano anazo mbili. Iningi ya sita kila mtu anajua ndiyo ya mwisho kwake, mikono imechoka, mipira imekaribia mia

Mjomba Seif (LA): Halafu Muncy, yule wetu anayelinda besi ya tatu, mkimbiaji wao kateleza kwa kasi kamvaa goti. Kalala chini. Uwanja una watu zaidi ya elfu hamsini na husikii kitu. Wakamtoa

Zuhura: Maskini

Mjomba Seif (LA): Hapo mimi nishakata tamaa. Akaja Vinny Capra. Mpira wa mia moja wa usiku ule, slaida, ule unaopinda, umegusa kona ya nje ya kibao. Capra hakupiga, kausindikiza kwa macho. Mwamuzi akaita straiki. Basi!!! Kershaw kavua kofia, watu wote wamesimama, mke na watoto wako pale jukwaani. Mimi machozi

Jumaa: Mjomba umelia kwa ajili ya mzungu wa watu 😂

Mjomba Seif (LA): Nimelia ndiyo. Wewe ulilia kwa Simba, nilikuuliza?

Jumaa: Hapo sina neno

Mwanaidi (Maryland): Na mchezo mlikuwa mnafungwa 4-2. Angepoteza mechi na sherehe yake

Mjomba Seif (LA): Ila Freeman wetu akaumaliza iningi ya tisa, tukashinda 5-4. Hilo mbona hulisemi wewe msoma takwimu

Zuhura: Kwani waliofika hapo ni wengi?

Mjomba Seif (LA): Ishirini tu, tangu mchezo uanze karne ya kumi na tisa. Wa kwanza Walter Johnson, 1923. Wanaorusha kwa mkono wa kushoto ni wanne: Carlton, Randy Johnson, Sabathia na sasa huyu. Lakini kinachonimaliza mimi ni hiki: waliofika wakiwa na timu moja tu maisha yao yote ni watatu. Walter Johnson na Washington, Bob Gibson na St. Louis, Kershaw na sisi

Jumaa: Timu moja miaka mingapi?

Mjomba Seif (LA): Msimu wa 18 huu. Walimchagua 2006 akiwa kijana wa shule kutoka Texas, akaanza Mei 2008. Mpigaji wa kwanza kabisa aliyekutana naye, Schumaker wa timu ya Cardinals, akamkalisha. Hiyo ndiyo namba moja kati ya hizo elfu tatu

Jumaa: Huku mchezaji akimaliza misimu mitatu tunamwita mzee wa klabu

Mwanaidi (Maryland): Scherzer, mrushaji wetu wa Nationals ya Washington, naye alifika 3,000 mwaka 2021, msijione

Mjomba Seif (LA): Scherzer "wenu" alifika akiwa amevaa jezi gani mwanangu? Hebu waambie wenzio

Mwanaidi (Maryland): …

Mjomba Seif (LA): JEZI YA DODGERS 😂😂😂 mlishamuuza

Mwanaidi (Maryland): Sawa. Na 2019, Nationals na Dodgers kwenye mtoano? Mchezo wa tano, iningi ya nane. Rendon wetu kaupiga mpira nje ya uwanja. Mpira uliofuata Soto wetu naye kautoa nje. Mrushaji alikuwa nani? Hukupokea simu yangu wiki nzima

Mama Mkubwa: Mwanaidi, huyo ni mjomba wako

Mwanaidi (Maryland): Samahani mama. Lakini ni kweli

Mjomba Seif (LA): Ni kweli, Oktoba, mwezi wa mtoano, imemtesa sana. Sibishi. Lakini 2020 alitwaa ubingwa, na 2024 tena

Mwanaidi (Maryland): 2024 alikuwa majeruhi, hakurusha hata mpira mmoja kwenye fainali

Mjomba Seif (LA): Pete ya ubingwa kapewa au hakupewa?

Mjomba Seif (LA): Na hapo ndipo mnapomdharau. Bega kapasuliwa mwishoni mwa 2023. Mwaka uliofuata goti na mguu. Ana miaka 37. Vijana siku hizi wanarusha maili 100 kwa saa, yeye hata 90 hazifiki mara nyingi. Kabaki na akili tu: huu unapinda, huu unazama, huu unakuja pale usipoutaka. Usiku wa leo kapigwa hiti tisa na bado kaipata. Angewakalisha kumi na tano kama ile 2014 alipowanyima timu ya Rockies hiti zote, ningepiga makofi nikalala. Ya leo kaitafuta mpaka mpira wa mwisho

Zuhura: Mjomba mbona nimesoma habari zake na Zambia?

Mjomba Seif (LA): Eeeh! Mke wake Ellen alikuwa anakwenda Lusaka tangu hawajaoana. Mwaka 2011 Kershaw akaahidi dola 100 kwa kila anayemtoa kwa straiki, wajenge nyumba ya watoto yatima kule. Msimu ule akawatoa 248

Jumaa: 24,800 hizo

Mjomba Seif (LA): Na nyumba ikajengwa

Mama Mkubwa: Mashallah. Sasa huyo ndiye ungeanza naye, ningekuelewa tangu mwanzo

Mama Mkubwa: Na kwa kuwa unampenda hivyo, umfuate. Harusi ya Zuhura imebaki mwezi na jina lako kwenye orodha ya michango halina kitu mbele yake

Zuhura: Mama Mkubwa jamani 🙈

Mwanaidi (Maryland): 😂😂😂 mama umemkamata. Straiki elfu tatu mjomba!

Mjomba Seif (LA): Dada nihurumie, mimi kodi ya Los Angeles inaniua. Nitalipia zile za usiku huu tu

Mama Mkubwa: Ngapi?

Mjomba Seif (LA): Tatu

Mama Mkubwa: Dola mia kila moja, kama mwenzio. Jumaa, wewe ndiye mweka hazina, andika

Jumaa: Imeandikwa. Mjomba Seif, ahadi, dola 300 ✅