Mashine ya mamilioni ikikabidhiwa mtu mwingine stendi, nani alipe? Tulinganishe njia za kusafirisha mzigo Dar mpaka Mwanza

Mwana wa Nansio

Habari za humu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Mimi na ndugu zangu tunanunua mashine ya boti, HP 15 (nguvu ya farasi 15), kwenye duka moja la Kariakoo linalouza mtandaoni. Bei imevuka milioni tano, na ni hela za dagaa tulizochangishana. Duka lenyewe halinipi wasiwasi. Kinachonipa wasiwasi ni hizo kilomita zaidi ya elfu moja na mikono yote itakayoshika mzigo kabla haujafika kwetu Nansio, Ukerewe: kijana wa mkokoteni Kariakoo, ofisi ya basi, konda, ofisi ya stendi ya Nyegezi pale Mwanza, bajaji mpaka bandarini, kisha meli.

Nauliza kwa sababu mjomba wangu yamemkuta. Aliagiza betri na inveta kwa ajili ya friji la samaki. Mzigo ukafika Nyegezi salama, akapewa mtu mwingine mwenye jina kama lake. Muuzaji anasema, "Mimi nilikabidhi basi, risiti hii hapa." Ofisi ya basi inasema, "Mzigo ulichukuliwa, sahihi hii hapa." Kila mmoja ana karatasi ya kujitoa. Mjomba aliyelipa hana karatasi wala betri.

Muuzaji wangu ananipa njia nne. Ya kwanza ni basi la abiria, nauli ya mzigo nalipia mimi. Ya pili ni kampuni ya vifurushi yenye leseni, gharama kubwa zaidi. Ya tatu, wao wenyewe wanaleta mpaka Mwanza mjini, nalipa nusu sasa na nusu nikishaiona, ila bei inapanda. Ya nne ni shemeji yangu aliyeko Mbagala aende kuichukua dukani na aisafirishe yeye.

Sitafuti njia ya bei rahisi. Natafuta njia ambayo mambo yakiharibika najua namkamata nani. Kwa mtazamo wangu muuzaji abebe dhamana mpaka nishike mashine mkononi, maana yeye ndiye aliyekula hela yangu. Mnasemaje?

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ofisi za mizigo stendi miaka mingi, nikuelezeni linavyotokea, maana watu wanadhani ni wizi kila mara.

Basi linaingia usiku, abiria wanashuka, buti zinafunguliwa upande huu na ule. Maboksi yanashushwa haraka kwa sababu dereva anataka kupeleka gari kuoshwa. Juu ya boksi kuna maneno ya kalamu ya wino mzito: jina moja, "MWANZA", na namba ya simu. Jina moja tu! Kanda hii ukiita "Masanja" stendi wanageuka watu watano. Karani anapiga simu, namba haipatikani au tarakimu moja imefutika kwa jasho la wapakiaji. Asubuhi anakuja mtu, anasema mimi Masanja, nasubiri mzigo kutoka Dar. Karani anatazama daftari, anaona Masanja, anamsainisha, boksi linaondoka. Wakati mwingine yule mtu kweli alikuwa anasubiri mzigo wake mwingine na anafungua nyumbani ndipo anashangaa. Muungwana anarudisha. Asiye muungwana anazima simu.

Kosa hapo ni la nani? Nasema bila kupepesa, ni la ofisi iliyotoa mzigo. Utaratibu tulioukuta kazini ulikuwa mtu aje na kitambulisho na atoe namba ya risiti aliyotumiwa na mwenzake wa Dar. Karani aliyetoa mzigo bila vitu hivyo viwili amefanya uzembe, na sahihi ya mtu asiyehusika haimsafishi. Mjomba wako aombe kuona hilo daftari. Atazame safu ya kitambulisho. Ikiwa tupu, hapo ana hoja nzito.

Binti Kirumba

Nami niwatetee wauzaji kidogo, kwa kuwa nauza. Natuma dagaa na sangara wa kukaanga Dar, Dodoma na Morogoro kila wiki kutoka soko la Mwaloni, Mwanza.

Mteja akiniambia "weka kwenye basi fulani, konda ni mtu wangu", mimi nimemaliza kazi nikishapiga picha ya mzigo na risiti na kumtumia. Amechagua basi mwenyewe, amechagua konda mwenyewe. Ukipotea Singida huko usinipigie simu usiku ukilia. Lakini mteja akiniachia mimi nichague, hapo najiona nina deni kwake mpaka apokee. Nimewahi kurudisha hela nusu kwa mteja wa Dodoma kwa mzigo ambao basi nililolichagua mimi lilimpa mtu mwingine. Iliniuma, ila niliona ndiyo haki.

Kwa hiyo kaka Nansio, swali la kwanza ni nani aliyemchagua msafirishaji. Mjomba wako alichagua nani?

Mwana wa Nansio

Dada, nimemuuliza sasa hivi. Muuzaji ndiye alichagua basi. Mjomba alitumiwa tu picha ya risiti baada ya gari kuondoka. Na kwenye risiti wameandika "boksi 2", basi. Hakuna thamani, hakuna kilichomo.

Haki Ziwani

Nisaidie kwa upande wa sheria, maana hapa hisia na sheria haziendi sambamba kama mnavyodhani.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipendi. Pale ambapo kwa makubaliano muuzaji anatakiwa au ameruhusiwa kumtumia mnunuzi mzigo, akishaukabidhi kwa msafirishaji, kwa kawaida anahesabiwa kuwa amekukabidhi wewe. Yaani ule msimamo wa Mwana wa Nansio kwamba muuzaji anabeba kila kitu mpaka ushike mkononi hausimami wenyewe. Unasimama mkikubaliana hivyo.

Lakini sheria hiyohiyo haimwachii muuzaji mlango wazi. Inamtaka aingie na msafirishaji makubaliano yanayofaa kulingana na aina ya mzigo na mazingira yake. Betri na inveta vya hela nyingi vikiandikwa "boksi 2" bila thamani, mnunuzi ana pa kushika. Mzigo ukipotea njiani kwa sababu hiyo, anaweza kukataa kuhesabiwa kuwa amekabidhiwa, au akamdai muuzaji fidia. Kwa kesi ya mjomba, hii risiti fupi inayoonekana kumlinda muuzaji ndiyo inayoweza kumfunga.

Msafirishaji naye ana lake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayeachiwa mali ya mtu aitunze kama mtu makini wa kawaida ambavyo angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Alivyoeleza Karani Mstaafu, kumpa mtu boksi kwa kusikia jina tu, umakini uko wapi?

Sasa njia zako nne kwa macho hayo. Kwa basi la abiria, hatari inaelekea kwako mara mzigo unapopokelewa ofisini Dar, isipokuwa muuzaji amefanya uzembe kwenye kuukabidhi. Kampuni ya vifurushi inafanana kisheria, tofauti ni kwamba unatangaza thamani, unaweza kukata bima, na kuna mtu wa kumshtaki mwenye ofisi na leseni. Njia ya tatu ndiyo inayoirudisha hatari kwa muuzaji, kwa sababu yeye ameahidi kufikisha Mwanza. Ya nne, shemeji ni mtu wako. Akishapokea dukani, duka limemaliza kabisa, na kinachofuata ni kati yako na shemeji.

Mzee wa Bwiru

Vijana, marahaba kwa wote. Mwanangu wa Haki Ziwani umesema vizuri, lakini sheria unaitumia ukiwa umeshapoteza. Mimi nasema shika hela. Aliyeshika hela ndiye anayesikilizwa. Njia ya tatu, hata ikiongezeka laki mbili au tatu, ichukue. Mtu ambaye nusu ya malipo yake iko kwako atapiga simu mwenyewe kila kituo: Dodoma, Singida, Shinyanga. Hatalala mpaka mzigo ufike.

Na hiyo nusu ya kwanza usitume kwenye namba binafsi ya mtu. Lipa kwa lipa namba yenye jina la duka, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Duka likikataa kutoa risiti ya kodi kwa kitu cha milioni tano, funga mazungumzo.

Karani Mstaafu

Mzee wangu shikamoo. Nakubali kwa mashine. Ila niseme jambo kuhusu kampuni za vifurushi, watu wanazipita kwa sababu ya bei tu. Mabasi yanayobeba vifurushi vya watu nayo yanatakiwa yawe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kazi hiyo, siyo leseni ya kubeba abiria peke yake. Wengi hawajui. Kabla ya kukabidhi muulize karani, mna leseni ya vifurushi? Akianza kukutazama kama umemtukana, peleka mzigo wako kwingine.

Tena ukitumia njia yoyote, kwenye boksi yaandikwe majina matatu na namba mbili za simu.

Pwani Mpaka Ziwa

Mimi nipo tofauti na Mzee wa Bwiru. Kulipa ukiona kunafaa kama unaijua mashine. Duka linaleta boksi limefungwa vizuri, unaliona, unalipa, unafika Nansio unafungua, ni HP 9.9 yenye stika ya 15. Huo nao ni mzigo usio wako, japo boksi ni lako. Hapo utasema umekabidhiwa kisicho sahihi na wao watasema ulikagua ukalipa.

Nenda na fundi. Mfungue mbele ya aliyeleta, msome namba ya mashine kwenye bati lake, mlinganishe na namba iliyoandikwa kwenye risiti ya dukani. Namba hiyo waitume kabla ya mzigo kuondoka Dar. Hata ikiibwa, polisi watakuuliza hiyo kwanza.

Binti Kirumba

Hapo kwenye namba umenena. Na wamtumie video wakati wa kufunga boksi, namba ionekane. Mimi wateja wangu wa sangara nawarekodia mpaka mzani.

Mwana wa Nansio

Nawashukuru sana. Kuhusu mjomba, aanzie wapi? Ni mtu wa heshima, hapendi makelele, ameanza kusema "yaishe tu". Mimi sitaki yaishe. Ile betri ilikuwa kazi yake.

Haki Ziwani

Asiache, na hahitaji makelele. Aandike barua mbili leo. Moja kwa ofisi ya basi: namba ya risiti, tarehe, kilichomo na thamani yake, na aombe nakala ya ukurasa wa daftari aliosaini yule mtu. Nyingine kwa muuzaji: aeleze kwamba mzigo ulikabidhiwa bila kutajwa thamani wala jina kamili. Ajibakizie nakala zilizogongwa mhuri wa kupokelewa. Kampuni ikikaa kimya au ikimzungusha, aende ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, wao wanapokea malalamiko ya vifurushi, na kitu cha kwanza watakachouliza ni kama umeshalalamika kwa kampuni yenyewe. Kwa upande wa muuzaji kuna FCC, yaani Tume ya Ushindani, inayolinda walaji chini ya sheria ya mwaka 2003. Na Mahakama ya Mwanzo ipo, aulize kama madai yake inaweza kuyasikiliza.

Polisi pia afike apate RB, yaani namba ya taarifa aliyoifungua, kwa sababu aliyechukua na kuzima simu akijua mzigo si wake hana utetezi wa kukosea jina. Namba aliyoiacha kwenye daftari imesajiliwa kwa alama za vidole. Polisi wanaweza kuifuatilia, mjomba hawezi.

Zile meseji za WhatsApp na muuzaji asizifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kama ushahidi.

Mzee wa Bwiru

Mwambie mjomba wako mimi nipo tayari kumsindikiza hiyo ofisi ya basi. Mtu mzima akienda peke yake wanamwambia rudi kesho. Tukienda wawili wanatafuta kiti.

Mwana wa Nansio

Mungu akubariki mzee, nakufuata pembeni kwa ujumbe.

Nami nimeongea na duka. Tumekubaliana njia ya tatu: wanafikisha Mwanza mjini, nalipa asilimia arobaini sasa kwa lipa namba ya duka, iliyobaki baada ya fundi kufungua boksi na kusoma namba. Wamekubali kuandika kwenye ankara kwamba mzigo ni dhamana yao mpaka hapo. Mwanzoni muuzaji aligoma kuandika, akasema "tuaminiane kaka". Nikamwambia ninakuamini, ndiyo maana naomba uandike. Kipande cha ziwani mpaka Nansio nitabeba mwenyewe, nitapanda nayo meli.

Pwani Mpaka Ziwa

Kwenye meli nayo udai hati ya mzigo, hata kama umeikalia. Na ankara waigonge mhuri kabla hujatuma hiyo asilimia arobaini, siyo baada.