Mliofanya kazi NGO za mitaani hapa Dar, siku gani ulisema leo nimefanya kazi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Field
Wakuu, juzi ofisini tumeletewa fomu tujaze "mafanikio ya kitaaluma", watu wote wakaanza kukopi ripoti ya mfadhili, semina ngapi, waliofikiwa wangapi. Mimi nikakumbuka Vingunguti. Tulikuwa tunahangaika na kutapisha vyoo, mnaojua mnajua, mvua ikinyesha tu mtu anafungulia choo chake kiende na maji mpaka Msimbazi. Vijana tuliowapa pampu ya mkono ya kunyonya vyoo walikuwa wanazomewa na watoto. Masika iliyofuata napita kule nakuta mwenye nyumba anamfokea mpangaji, kwa nini umetapisha na namba ya vijana ninayo? Nilicheka peke yangu njiani. Nyie je?

Kipepeo wa Keko
Umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa nalea vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, kimoja kilikuwa Keko Machungwa, akina mama wa genge na chapati. Siku ya kuvunja kikundi, yaani kugawana akiba, kila mtu kashapiga hesabu za mgao, ada, mabati. Sanduku si mnalijua, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Saa nane watu wamejaa, mtunza ufunguo wa tatu haonekani, simu haipatikani, tukatuma mtoto akarudi anasema mume wake kauchukua ufunguo, hautoki mpaka aambiwe mkewe anapata shilingi ngapi. Jamani palichafuka!! Huyu anataka nondo avunje kufuli, yule anasema polisi, wengine wanajifunga kanga wakamtoe huyo baba ndani. Na bosi wangu yuko njiani na mgeni wa mfadhili anakuja kuona "mafanikio". Mwenyekiti, bibi mmoja hajui hata kusoma, akaenda akalikalia sanduku. Akalikalia kabisa. Akasema katiba tumeitunga wenyewe, hili halifunguliwi kwa nondo wala kwa mgeni, na hesabu ya mwanachama ni ya mwanachama. Akatuma mtu kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mgeni kafika hakuna vigelegele, anamkuta bibi juu ya sanduku, ananiuliza kuna nini, nikamwambia kikao kinaendelea. Magharibi imeshaadhiniwa ndo yule baba akaja na mjumbe, kanuna, ufunguo mkononi. Bibi hakumtukana, alimwambia weka hapo ukakae nje. Mkewe akahesabiwa hela yake mbele ya wenzake, akafunga kwenye pindo la kanga, akampita mumewe hajamwambia kitu. Mgeni kaondoka giza limeingia hana picha hata moja. Ripoti ya bosi: "kikao kilichelewa kutokana na changamoto za kiutendaji".

Temeke Mwisho
Changamoto za kiutendaji 😂😂😂 nimekufa

Baba Wawili
Kwani kosa la huyo baba nini? Mke anaficha hela kwenye sanduku nyumba haijui, hiyo ndoa gani. Hivyo vikundi vimevunja ndoa nyingi mjini hapa.

Mama Tangawizi
Baba Wawili, wale wa mikopo ya kausha damu wakija kubeba friji ndo mnakumbuka mke ana kikundi. Tulia.

Baba Wawili
Mimi sijakopa kausha damu.

Mama Tangawizi
Nani kasema umekopa? Umejishtukia.

Chaki na Ramani
Turudi kwenye mada. 2015 nilikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu Ardhi, tukaingia mradi wa Ramani Huria, tunazunguka mitaa na wenyeji tunachora nyumba na mitaro kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni. Kuna mzee alitupeleka ukuta kwa ukuta, anapiga chaki maji ya masika yanapofikia, sisi na vifaa vyetu tukageuka makarani wake. Ramani ilipobandikwa ofisi ya mtaa alikuja kukagua kama tumeandika sawa, akakuta mtaro mmoja tumeupinda, tukarekebisha. Mpaka leo sijapata bosi mkali kama yule.

Temeke Mwisho
Ila yule bibi wa sanduku yupo bado?

Kipepeo wa Keko
Yupo. Na yule baba aliomba kujiunga, wakamkatalia 😅

Kijana wa Mburahati
Mimi mradi wetu ulikatika Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tukarudisha gari na laptopu, nikabaki nyumbani nasema basi kazi yote imeishia hapo. Baadaye napita Mburahati kwa mambo yangu nakuta kikundi cha vijana tuliokianzisha wanakaa kikao Jumamosi kama kawa, na wameomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake kwa vikundi, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024, andiko wameandika wenyewe. Wakaniuliza "kaka siku hizi uko wapi?" basi. Hakuna aliyeuliza mradi unarudi lini. Nilifurahi, halafu iliniuma kidogo.

Afande Mstaafu
Ushauri kwa wanaoanza: ukiona vurugu ya hela ita polisi mapema.

Mama Tangawizi
Usiite polisi kabla ya mjumbe, utajuta. Na usikubali hata siku moja kushika ufunguo wa kikundi ukiwa mfanyakazi.

Temeke Mwisho
Shika tu, chai na vitumbua hutanunua 😂

Mgeni Njoo
Samahani wakuu, na sisi huku Mbagala ndo tunaanza, masanduku ya chuma wapi bei nafuu?

Kipepeo wa Keko
Gerezani, nenda mwenyewe na mweka hazina wako. Kufuli msinunue duka moja zote tatu, na kabla ya kugawa funguo muulize kila mtu kwake anaishi na nani.

Baba Wawili
Hapo unanilenga mimi.