Naombeni ushauri: bega la kushoto limekakamaa, mkono haunyanyuki, usiku silali

MwalimuZamu (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwanamke wa miaka 52. Bega langu la kushoto lilianza kuuma kidogo kidogo, nikadhani nimelilalia vibaya. Maumivu yakazidi mwezi hadi mwezi. Sasa mchana yana nafuu, lakini mkono wenyewe umegoma: kichwani haufiki, mgongoni ndiyo kabisa. Sidiria naifungia mbele halafu naizungusha. Usiku nikijigeuzia upande huo nashtuka kwa maumivu na usingizi unakatika hapo hapo. Eksirei nimepiga, nikaambiwa mifupa iko salama.

Swali langu ni moja tu: kuna aliyewahi kuvutwa bega likafunguka? Alikaa muda gani kabla ya kurudi kazini? Nina haraka, tafadhali wenye uzoefu.

Kipepeo77
Pole sana dada. Bega la kushoto usilichukulie poa, nenda kapime moyo. Baba yetu mdogo alianza hivyo hivyo, tukamkanda na kumkanda, kumbe moyo.

FizioMkimya
Pole mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kipepeo77 ana hoja kama maumivu yanakuja ghafla pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi. Hapo ni dharura. Lakini moyo haukakamazi kiungo.

Jipime hivi. Kaa, bana kiwiko ubavuni, kikunje, kisha mtu mwingine akupeleke kiganja upande wa nje taratibu, bila nguvu. Kama kinagoma hata anapokusaidia, na eksirei ni safi, kuna uwezekano mkubwa ni bega lililoganda. Msuli uliochanika ni tofauti: wewe unashindwa kunyanyua, ila mwenzio akikunyanyulia mkono kwa kawaida unapanda.

Kinachotokea ni kwamba mfuko unaozunguka kiungo unavimba, unakuwa mnene, halafu unanywea. Hupitia vipindi vitatu: cha maumivu makali, cha ukakamavu, na cha kulegea. Vyote kwa pamoja vinaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Nikuulize: una sukari? Una tatizo la tezi ya shingo? Uliwahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji upande huo? Na huyo wa kukuvuta ni nani?

Mzee wa Busara
Vijana wa siku hizi na wazazi wao, wote wanakaa. Asubuhi simu, jioni televisheni. Mwili usiotumika huganda. Sisi tulilima, nani alisikia bega kuganda?

Nyota ya Jaha
Mzee wangu, shikamoo, lakini mimi nabeba mizigo kila siku na liliniganda. Nilivunjika kifundo cha mkono, nikafungwa kitambaa shingoni, nikakaa nao hivyo kwa kuogopa kuutikisa. Kifundo kilipona vizuri, bega ndilo likabaki. Hakuna aliyeniambia niwe nachezesha bega wakati kifundo kinaunga. Wenye mkono shingoni mnaosoma hapa, muulizeni daktari wenu hilo leo.

MwalimuZamu
Asanteni. Sijavunjika popote. Nimejipima, kiganja hakiendi nje hata kidogo. Kazini naandika nusu ya chini ya ubao, wanafunzi wa nyuma hawaoni, ndiyo maana nataka kitu cha haraka. Miaka mitatu sina. Bado hamjanijibu kuhusu kuvutwa.

FizioMkimya
Na wewe hujanijibu kuhusu sukari.

Mama Pacha
Jibu mwalimu, tuko wengi tunaosubiri.

MwalimuZamu
Sukari ninayo, lakini sioni inahusianaje na bega. Dawa nilikuwa nameza vizuri, nilipunguza mwenyewe zilipokuwa zinanisumbua tumbo. Nilikuja hapa kwa ajili ya bega.

Na kuhusu kuvuta, ni mkandaji anayesifiwa sana. Tumekubaliana Jumamosi na pesa ya kutangulizia nimeshampa. Anasema atavuta mara moja tu, litalia, na litafunguka. Watu wamepona kwake. Siyo kwamba nimekurupuka.

FizioMkimya
Inahusiana sana. Wenye kisukari hupata bega hili mara nyingi kuliko wengine, na kwao huwa sugu zaidi, wakati mwingine mabega yote mawili. Usipunguze dawa kimya kimya. Zipo njia za kupunguza usumbufu wa tumbo: kubadilisha aina ya kidonge, au kumeza pamoja na chakula. Mwambie daktari wako hivyo hivyo ulivyotuambia.

Sasa Jumamosi. Tiba ya kufungua bega kwa nguvu ipo hospitalini, lakini mgonjwa analazwa kwa nusukaputi ili misuli ilegee, na daktari ameshaona picha. Hata hapo mfupa wa juu wa mkono unaweza kuvunjika au msuli kuchanika. Ukivutwa ukiwa macho, mwili unajikaza kujilinda. Huo mlio anaousifia unaweza kuwa wa kitu ulichokuwa unakihitaji.

Jicho la Tatu
Ngojeni kidogo. Kichwa cha uzi kinasema bega la KUSHOTO. Sasa hivi analalamika hawezi kuandika ubaoni. Anaandika kwa mkono gani? Halafu mkandaji "anayesifiwa sana", "watu wamepona kwake". Hii ni chai, tena ni tangazo. Kesho mtawekewa namba ya simu hapa.

Nyota ya Jaha
Mh! Mimi nimeshamwaga historia yangu yote.

Mama Pacha
Mimi nilishangaa aliporuka swali la sukari. Mtu mwenye shida anajibu.

MwalimuZamu
Jicho la Tatu, naandika kwa mkono wa kushoto tangu utoto. Nilichapwa sana shuleni nihame, sikuhama. Namba ya mkandaji siiweki hapa na sijaombwa na mtu kuiweka. Ningekuwa natangaza, ningewaambieni kwamba natetemeka nikifikiria Jumamosi? Silali, ndugu zangu. Nimeegemea mto nikiandika hapa kwa kidole kimoja.

Kipepeo77
Hata mwanangu ni wa kushoto, na walimu wake wanamsumbua. Tufungue uzi wake.

Jicho la Tatu
Nimekuelewa mwalimu. Kama ni kweli unavyosema, pole. Ila kwenye sukari nakubaliana na fizio.

Baharia Mstaafu
Nirudi kwenye bega. Mimi nilifuata njia ya hospitali: sindano ya steroidi ndani ya kiungo, halafu mazoezi. Sindano ilinirudishia usingizi, na nilipolala ndipo nikaweza kufanya mazoezi. Ukakamavu uliondoka polepole mno, lakini uliondoka. Zoezi nililolipenda: unainama, mkono mzima unashika meza, mbovu unaning'inia, unauacha uyumbe. Jingine ni kupandisha vidole ukutani kama buibui, unaishia pale unapoanza kuvuta. Na usiku laza mto chini ya mkono, usiache bega lidondoke.

Mzee wa Busara
Marahaba Nyota, na pole ya kifundo. Mwalimu, meza dawa zako.

MwalimuZamu
Baharia, sindano nilitajiwa, nikasikia inapandisha sukari nikaiacha. Mkandaji hatumii dawa yoyote, ndiyo sababu nilimchagua. Na upasuaji si ndio dawa ya haraka zaidi?

FizioMkimya
Kweli sindano inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Siyo lazima uiache, ila sukari idhibitiwe kwanza, atakayekuchoma ajue una sukari, na upime mara nyingi zaidi baada ya hapo. Husaidia hasa mapema, wakati maumivu yametawala. Wewe umeingia kwenye ukakamavu huku usiku ukiwa bado mbaya, kwa hiyo uliza kama bado itakufaa.

Kuhusu upasuaji, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2020 ulilinganisha njia tatu kwa wagonjwa 503: fiziotherapia pamoja na sindano, kufunguliwa kwa nusukaputi, na upasuaji wa matundu madogo. Baada ya mwaka, makundi yote matatu yalikuwa na nafuu kubwa, na hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali. Upasuaji ndio uliokuwa na madhara makubwa zaidi. Ukianza na njia ya taratibu hujajipunja.

Mazoezi yafanye kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, baada ya maji ya moto au kitambaa cha joto. Maumivu yakiendelea muda mrefu baada ya kumaliza, ujue umezidisha.

MwalimuZamu
Nimemwandikia mkandaji tuahirishe. Sijafuta, nimeahirisha tu, maana pesa yangu iko kwake. Jumatatu naenda kliniki ya sukari kwanza. Je, naweza kumruhusu anikande tu bila kuvuta?

FizioMkimya
Kukanda misuli ya shingo na mgongo wa juu kwa mkono mwepesi, sawa. Mwambie una sukari, asikuwekee kitu cha moto sana kama ngozi yako imepungua hisia, na mkono wako asiuzungushe. Akianza kuuvuta, inuka uondoke.

Mama Pacha
Mwalimu, ukitoka kliniki njoo na mrejesho. Na mimi nina sukari, na bega la kulia limeanza.