Naomba ushauri: jeli yangu ya mapera haigandi

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Malindi, na msimu huu nimejaribu mara tatu kutengeneza jeli kwa mapera ya uani kwetu, kwani huanguka na kuoza kila siku, nami inaniuma kuyaona yakipotea.

Nilichagua yaliyoiva sana kwa ajili ya harufu yake, nikayakata na kuyachemsha kwa maji ya kuyafunika tu, kisha nikayaning'iniza usiku kucha katika kitambaa cha melimeli bila kuyakamua, ili maji yake yasiwe na ukungu-ukungu. Kwa kila kikombe cha maji hayo nilitia kikombe cha sukari na kijiko cha ndimu. Rangi ilikuja nyekundu ya kupendeza mno, lakini jeli ilibaki nzito kama asali, haikuganda. Jirani yangu asema kwamba matunda yaliyoiva kupita kiasi hupungukiwa na pektini, yaani kile kitu cha asili kwenye matunda kinachoigandisha jeli, na kwamba ningechanganya robo ya mapera mabichi. Je, hilo latosha, ama ni lazima nichemshe hadi nyuzi 104 au 105, ilhali sina kipimajoto?

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba chupa mbili kati ya sita zimeota kuvu. Nilizichemsha kabla ya kuzijaza, lakini baada ya kuzifunga sikuzirudisha katika maji yanayochemka. Je, huku pwani dakika 10 zatosha? Na vifuniko vilivyokwisha kutumika vyafaa tena?