Jengo la madarasa la 1976 lina nyufa: tukarabati au tubomoe?

Mjumbe_Kamati
Wakuu salaam. Shule yetu ya msingi ina jengo la madarasa manne lililojengwa 1976, enzi za UPE (elimu ya msingi kwa wote). Matofali ya kuchoma yameungwa kwa udongo, juu lipu ya saruji. Bati geji 30 limeshika kutu, dari hakuna. Nyufa zinaanzia kona za madirisha na kupanda mshazari. Mmoja, darasa la mwisho, unaingia kidole. Mvua ikinyesha mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu hasikiki. Michango na fedha za halmashauri jumla milioni 38. Wapo wazazi wanaotaka tubomoe lote, wengine wanasema bati na rangi vinatosha. Tuanzie wapi?

Timazi
Rangi iwe ya mwisho kabisa. Ufa wa aina hiyo una wazazi wawili: ama dirisha halina linta, yaani boriti ya juu ya dirisha (au ipo ila ni ya mbao iliyoliwa na mchwa), ama msingi umeshuka upande mmoja. Tiba zake hazifanani, kwa hiyo chunguzeni kwanza.

Chimbeni shimo la mita 1 kwa 1 nje ya kona yenye ufa mkubwa hadi mwone kitako cha msingi. Pimeni kina, angalieni aina ya udongo. Kisha bandikeni kiraka chembamba cha jipsamu juu ya kila ufa na kukiandika tarehe. Kikikatika masika yakipita, ufa bado unatembea, na lipu yoyote mtakayoweka itapasuka palepale. Mwisho shusheni timazi (uzi wenye uzito chini) toka juu ya ukuta: ukiwa umelala zaidi ya sm 2.5, msiutie bati jipya.

Mama Makadirio
Hesabu nayo iseme. Mpango wa serikali wa UVIKO-19 wa 2021, uliojenga madarasa, uliweka milioni 20 kwa darasa moja, na bei za vifaa tangu hapo zimepanda. Milioni 38 haijengi manne, hata mkiwa na nguvu kazi ya wananchi. Mkibomoa lote mtabaki na darasa moja na watoto chini ya mwembe. Desturi ya wakadiriaji: ukarabati ukizidi nusu ya gharama ya jengo jipya, jenga jipya. Ila pimeni darasa kwa darasa, si jengo zima kwa mkupuo.

Mjumbe_Kamati
Shimo limechimbwa. Msingi una sm 40 tu, udongo ni mweusi wa mbuga, kiangazi unafunguka mipasuko. Lakini upande wa ofisi ni changarawe, na nyufa huko ni nyembamba kama uzi.

Timazi
Basi jibu limejitokeza. Udongo ule huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na sm 40 haitoki nje ya tabaka linalocheza. Darasa la mwisho limekwisha. Watoto watoke leo.

Matatu ya upande wa changarawe yanakarabatika. Ezueni bati, ondoeni kenchi (mbao zinazobeba paa) zenye mchwa, mwageni mkanda wa zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) juu ya kuta zote, nondo 4 za mm 12, ringi za mm 8 kila sm 20. Acheni vipande vya nondo vikichomoza kufungia kenchi. Kenchi iliyolazwa tu juu ya tofali huondoka na upepo. Nyufa nyembamba: panueni kwa patasi, futeni vumbi, lowesheni, pigilieni waya wa kuku, lipu 1:3 (saruji kwa mchanga). Zungusheni nje kibaraza cha zege cha mita 1 kinachoinamia mbali na ukuta, na mfereji. Maji ya paa yakiachwa yamwagike kwenye msingi, mtarudi hapa kuuliza tena.

Ubao Mweusi
Mkifika kwenye paa mkumbuke somo linalofundishwa chini yake. Wekeni bati geji 28 (nene kuliko 30) na dari, maana dari ndiyo inayopunguza kelele za mvua na joto la saa saba. Msiweke bodi za jipsamu kabla ya kuhakikisha bati halivuji, zikilowa zinadondoka. Matofali ya matundu chini ya mkanda, pande zote mbili, ili hewa ipite. Madirisha yafike moja ya tano ya sakafu: darasa la mita 7 kwa 9 linataka mita za mraba 12 na ushee. Ila msitoboe kuta za zamani kuyapanua. Pakeni chokaa nyeupe ndani, mwanga utaongezeka kwa bei ndogo.

Mama Makadirio
Na asilimia 10 ya fedha isiguswe. Kwenye majengo ya aina hii mbao mbovu huonekana bati likishatoka, siyo kabla.