Naomba ushauri: moto kwenye karakana ya useremala

Habari zenu wakuu. Nina karakana ndogo ya useremala Keko, Dar es Salaam, na vijana sita. Juzi jioni soketi iliyo nyuma ya mashine ya randa ilitoa cheche, maranda yaliyorundikana chini yakashika. Kijana mmoja akakimbilia ndoo ya maji. Nikamzuia, umeme ulikuwa bado unapita na pembeni kulikuwa na kopo la thina (ya kuyeyushia rangi, hushika moto upesi) halijafunikwa. Tukazima meini swichi, tukafukia kwa mchanga. Tangu siku hiyo silali vizuri; kijana huyo ana mtoto wa wiki mbili.

Sasa tunafagia kila jioni, thina na vanishi nimezihamishia nje, na namba ya Zimamoto, 114, nimeiandika mlangoni kwa rangi nyekundu.

Naomba kujua: penye mbao, thina na umeme pamoja, ninunue mtungi wa kuzimia moto wa poda au wa kaboni dayoksaidi? Wa kilo ngapi? Halafu linaloniumiza zaidi: mlango ni mmoja tu na dirisha lina nondo. Mwenye nyumba hataki tutoboe ukuta wa nyuma. Mliopitia hili, mlimshawishije?